Friza ya Mama Mdogo na karatasi isiyo na muhuri

Friza ilishuka Arua Jumamosi moja alfajiri, na basi la usiku kutoka Kampala. Mama Mdogo alikuwa stendi tangu saa kumi na moja, amejitanda kitenge kwa baridi. Alipoona boksi linavutwa kutoka kwenye buti la basi, alianza kuwaongoza vijana wa mizigo kana kwamba wamembeba mgonjwa. "Polepole wanangu. Hiyo ni ada ya shule mmeshika."

Alisema kweli. Shilingi 1,150,000 zilitoka kwenye kikundi chake cha akiba, mkopo wa kulipwa kwa miezi kumi. Hesabu yake yote ilikuwa juu ya barafu na juisi ya karkade atakazouza kiangazi, wakati ambapo Arua jua linawaka mpaka mbwa wanalala ndani ya mitaro. Nilipomuuliza mbona hakuanza na kitu kidogo, alinijibu kwa Kiswahili chake cha kambini, alichokulia nacho kwa kuwa baba yake alikuwa askari: "Njaa haiji kidogo, kwa nini mimi nianze kidogo?"

Aliyeitafuta mtandaoni ni mimi. Nilikaa nayo jioni tatu, nikilinganisha picha na bei. Kulikuwa na moja iliyopungua bei kwa shilingi 90,000, nikaiacha kwa sababu hii nyingine ilikuwa na maneno mekundu chini ya picha: "Waranti miaka 2". Nikampigia Mama Mdogo nikamwambia, hii ikiharibika wanatengeneza bure kwa miaka miwili.

Wanatengeneza. Lugha yetu ina kiambishi hicho kidogo, "wa-", kinachoweza kubeba kijiji kizima bila kumtaja mtu hata mmoja. Wamesema mvua itanyesha. Wanajenga barabara. Wanatengeneza bure. Nilimpa mama yangu mdogo ahadi ya watu nisiowajua, naye akaichukua kwa kuwa ilitoka kinywani mwangu.

Mwezi wa saba tangu friza ifike, barafu ikaanza kuganda nusu. Asubuhi unakuta kavera za maji, vile vifuko vya plastiki, zina ngozi nyembamba ya barafu juu na maji matupu chini. Wiki iliyofuata hata hiyo ngozi haikuwepo. Mtungi mzima wa karkade ulichacha siku moja ya joto, na wateja wake wa stendi ya boda wakahamia kwa jirani.

Tulimwita Mzee mmoja, fundi wa friji ambaye ametengeneza vitu vya mtaa ule tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Alikuja, akainama nyuma ya friza, akatega sikio kwenye kompresa, akapitisha mgongo wa mkono juu ya bomba. Halafu, badala ya kutoa spana, aliuliza swali.

"Mwanangu, hii ina karatasi?"

"Ina, Mzee. Ya miaka miwili."

"Basi mimi siigusi leo. Mota inazunguka, gesi ndiyo haipo, imevuja mahali. Lakini nikikata hili bomba, watakuambia uliipeleka kwa fundi wa mtaani na karatasi yako imekufa. Wapigie kwanza. Wakikataa, nitakuja."

Akanionyesha kibandiko nyuma ya friza kilichoandikwa R600a. Hiyo ni gesi ya friji nyingi za siku hizi. Haiharibu hewa kama zile za zamani, lakini inashika moto, kwa hiyo fundi asiye na vifaa vyake hatakiwi kuchomelea bomba kienyeji. Mzee angeweza kuchukua pesa yetu siku ile. Aliondoka na nauli ya boda tu.

Nikatoa kadi ya waranti kutoka kwenye mfuko wa plastiki ambamo Mama Mdogo alikuwa ameihifadhi pamoja na hati ya kiwanja. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisoma. Mahali pa tarehe ya kununua palikuwa patupu. Mahali pa jina la duka, patupu. Mahali pa namba ya mtambo, patupu. Kisanduku cha muhuri kilikuwa cheupe kama siku kilipochapwa. Karatasi nzuri, ngumu, yenye nembo ya kung'aa, na haikumfunga mtu yeyote duniani.

Nilipiga simu sehemu tatu. Dada wa huduma kwa wateja wa soko la mtandaoni alinijibu kwa adabu kwamba siku za kurudisha bidhaa zimeshapita, na kwa mambo ya waranti niwasiliane na muuzaji. Muuzaji hakupatikana siku mbili. Alipopatikana aliniita ssebo, yaani bwana kwa Kiganda, kila baada ya maneno matatu, akasema nilete friza Kampala. Nilipomuuliza nani analipa usafiri wa kwenda na kurudi, akabadilisha wimbo: umeme wenu wa huko ndio umeiua, na waranti haihusu umeme. Wakala wa kampuni iliyotengeneza friza, huko Kampala, aliomba nimtumie picha ya namba ya mtambo. Akarudi na jibu baada ya saa moja: hiyo friza haikuingia nchini kupitia kwetu, hatuwezi kukuhudumia.

Kila mmoja alisema kweli ya upande wake, na kweli zao tatu zilimwacha Mama Mdogo na kabati jeupe lililojaa maji ya uvuguvugu.

Soko la mtandaoni lenyewe sitalitaja jina. Nataka mtu aelewe namna lilivyojengwa, maana yako mengi ya aina hiyo, na yanatofautiana kuliko tunavyodhani. Jumia ni jukwaa ambalo kampuni yenyewe inasimamia oda, malipo na usafirishaji, lakini bidhaa nyingi humo ni za wauzaji wengine waliopanga bidhaa zao kama vile mtu anavyopanga kibanda sokoni. Jiji, iliyonunua biashara ya OLX ya Uganda na nchi nyingine nne za Afrika mwaka 2019, ni ubao wa matangazo: unaona tangazo, unampigia mwenye kitu, mnakutana, mnalipana. Halafu kuna kurasa za Facebook na makundi ya WhatsApp, ambako hata ubao haupo. Sisi hatukununua kwenye hizo mbili nilizozitaja. Lakini swali ni lile lile kote: pesa yako imeingia mkononi mwa nani? Nilipoangalia ujumbe wa mobile money, nililipa kwenye namba binafsi ya mtu, kwa sababu aliniambia kupitia mtandao kuna makato. Pale pale nilitoka nje ya ulinzi wowote ambao jukwaa lilikuwa nao, na sikujua.

Kuhusu wakala, jambo lenyewe halina siri ila hatuambiwi. Waranti ya kiwanda mara nyingi haimfuati mnunuzi, inafuata njia ambayo bidhaa ilipitia kuingia nchini. Kampuni humpa wakala wa nchi fulani haki ya kuuza na wajibu wa kutengeneza, na wakala ana orodha ya namba za mitambo aliyoingiza. Mfanyabiashara mwingine akienda Dubai akajaza kontena friza zile zile, kutoka kiwanda kile kile, si feki hata kidogo, bado hazimo kwenye orodha ya Kampala. Ni halisi na ni yatima. Ndugu zetu wa Busia na Malaba, kwenye mpaka na Kenya, wanalijua hili vizuri. Tangu soko la pamoja la Afrika Mashariki lianze mwaka 2010, televisheni inavuka mpaka kirahisi kuliko zamani, lakini waranti yake mara nyingi inabaki upande wa pili. Na wafanyabiashara wanaonunua hapa Arua kupeleka Ariwara, ng'ambo ya mpaka, Congo, wanauza vitu ambavyo ahadi zake zilishakufa hata kabla ya kufika mpakani Vurra.

Baadaye binamu yangu anayeendesha boda Kampala alifika kwa muuzaji. Tulimpata kwa stakabadhi ya mzigo ya basi, ambayo Mama Mdogo, asiyetupa karatasi yoyote, alikuwa bado nayo. Juu yake paliandikwa jina la mtumaji, namba ya pili ya simu na jina la jengo la biashara katikati ya jiji. Kumbe ni kijana tu, ana chumba kidogo ghorofa ya tatu, maboksi mpaka dari. Binamu alimuuliza ile miaka miwili aliitoa wapi. Akasema aliikuta kwenye tovuti ya kiwanda akainakili. Mwenye kontena aliyemuuzia yeye hakumpa hata siku moja.

Nimefikiria sana habari ya kijana huyo. Sidhani alikusudia kutuibia. Alitoa ahadi ambayo yeye mwenyewe hakupewa, kama nilivyofanya mimi kwa Mama Mdogo. Lakini yeye alipokea pesa. Hapo ndipo sheria inapoanza, na nilishangaa kukuta kwamba sheria haikumwacha Mama Mdogo peke yake kama nilivyodhani.

Uganda, watu husema, haina ulinzi wa mlaji. Wakenya wana sheria yao ya mlaji ya mwaka 2012, na sisi tunaitazama kwa wivu. Lakini tunayo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017. Ilichukua nafasi ya ile ya enzi za ukoloni iliyofuata sheria ya Uingereza ya 1893. Ndani yake kuna jambo ambalo kila mama wa sokoni angepaswa kulijua: mfanyabiashara akikuuzia kitu, sheria yenyewe inaingiza masharti katika mauzo hata kama hakuna aliyeyatamka. Kitu kilingane na maelezo yake. Kiwe na ubora unaokubalika. Kifae kwa kazi ambayo mnunuzi alisema anakinunulia. Friza ambayo haigandishi baada ya miezi saba ina maswali ya kujibu hapo, kadi iwe na muhuri au isiwe nao. Kadi ni ahadi ya ziada, haifuti haki ya msingi. Na anayedaiwa haki hiyo ya msingi ni aliyekuuzia. Hawezi kukuelekeza China.

Wanasheria hutofautisha sharti, ahadi iliyo kiini cha mauzo, na dhamana, ahadi ndogo ya pembeni. Likivunjwa sharti, mnunuzi anaweza kukataa bidhaa na kudai pesa yake. Ikivunjwa dhamana, anadai fidia lakini bidhaa inabaki kwake. Ukikaa na kitu muda mrefu ukikitumia unahesabiwa umekipokea, na mlango wa kukirudisha unaanza kufungwa. Ndiyo sababu siku za mwanzo ni za thamani. Watu wa kwetu wananunua kitu Januari, wanakiweka kwenye boksi kusubiri harusi ya Aprili, wanakiwasha siku ya harusi.

Kuna nyingine, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011. Hii inamtaka anayeuza mtandaoni amwonyeshe mnunuzi jina lake kamili, anwani ya mahali alipo, simu, bei yote na utaratibu wa kurudisha bidhaa. Asipofanya hivyo, mnunuzi anapata nafasi ya kughairi ndani ya muda uliowekwa. Nilirudi kwenye tangazo letu. Anwani iliyoandikwa ilikuwa neno moja: Kampala. Jiji zima! Mtu anaishi kwenye jiji zima na mimi nimemtumia akiba ya akina mama kumi na wanane.

Anwani ndiyo kiini cha mambo, na nitakaa hapa kidogo. Uganda ina utaratibu wa madai madogo mahakamani, chini ya kanuni za mwaka 2011, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10. Humo hakuna mawakili, unasimama mwenyewe na karatasi zako. Kabla ya kufungua dai unampa mdaiwa barua ya kumtaka alipe, na siku 14. Ni mlango uliotengenezwa kwa watu kama Mama Mdogo. Lakini barua lazima ifike mkononi mwa mtu. Wito wa mahakama haupelekwi kwa picha ya wasifu ya WhatsApp. Bila ile stakabadhi ya basi, sheria zote nilizozitaja zingekuwa hadithi nzuri tu.

Barua niliandika mwenyewe, ukurasa mmoja. Nilitaja tarehe, kiasi, namba ya muamala wa mobile money, picha ya tangazo lenye maneno mekundu, video ya friza ikiwa imewashwa na maji hayagandi, na maneno ya Mzee fundi. Binamu aliipeleka, na kijana akatia sahihi kwenye nakala. Siku ya kumi na moja alipiga simu, na safari hii hakutaja umeme. Tulikubaliana alipe shilingi 280,000 za matengenezo hapa hapa Arua, kwa fundi mwenye vifaa vya R600a ambaye Mzee alituelekeza. Hasara ya wiki sita za biashara ilibaki kwa Mama Mdogo, pamoja na wateja wa stendi, ambao si wote waliorudi.

Kuhusu umeme, nisimwonee kijana: hoja yake ina mguu. Umeme kupanda na kushuka unaharibu kompresa kweli, na waranti nyingi zinautenga, sawa na zinavyotenga madhara ya usafiri. Friza yetu ilisafiri usiku mzima imelazwa ubavu. Mzee alituambia ilipaswa kusimamishwa saa nyingi kabla ya kuwashwa ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Sisi tuliiwasha saa mbili asubuhi ile ile kwa furaha. Lakini bomba linalovuja gesi ni habari nyingine, na mwenye kuuza hawezi kutaja neno umeme kama mtu anayetaja jina la jini ili kila anayesikia akimbie. Siku hizi Mama Mdogo ana gadi ya friji ukutani. Risiti ya gadi ameiweka pamoja na hati ya kiwanja.

Baada ya habari hii kuenea mtaani, watu wananiletea simu zao niwaangalizie kabla ya kulipa. Nawaomba kwanza jina la duka na jengo, na nikiwa na mtu Kampala namtuma aone mlango. Nawaambia wadai risiti ya EFRIS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, URA, kama duka lina VAT, kwa sababu ile ina namba na alama ya kuskani, wala haiwezi kukanwa kesho. Kwenye simu ya mkononi, *#06# inatoa IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na kwa Tecno, Infinix na itel unaweza kwenda na namba hiyo Carlcare, kituo cha huduma cha simu hizo, wakakuambia kama waranti ipo. Kwenye friji na televisheni, picha ya kibandiko cha namba ya mtambo atumiwe wakala kabla pesa haijatoka. Wakala wetu alijibu kwa saa moja. Saa moja tu, na ningeweza kumuuliza miezi saba kabla.

Na wasome ni nini hasa kinacholindwa. Ukiona "miaka 10" kwenye mlango wa friji, mara nyingi ni kompresa peke yake, tena chuma chenyewe tu; gesi na kazi ya fundi unalipa wewe. Alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, nayo, ambayo naiheshimu, inasema kitu kimefikia kiwango. Haisemi nani atakuja kikiharibika.

Lakini nakataa kwamba mzigo wote ubebwe na mnunuzi. Mama Mdogo hakwenda kumtafuta yule kijana ghorofa ya tatu. Jukwaa ndilo lililomleta mbele ya macho yetu, likampa nyota, likaacha aandike "Waranti miaka 2" kwa wino mwekundu bila kumuuliza waranti hiyo ya nani. Anayekula kamisheni ya ahadi awe mdhamini wa ahadi. Kwenye kikundi cha akiba cha Mama Mdogo hakuna anayekopa bila mwanakikundi kumdhamini, na mkopaji akikimbia mdhamini analipa. Akina mama wasio na ofisi wala kompyuta wameliweka hilo kwenye daftari la shilingi 2,000. Kampuni zenye maghala na programu za simu haziwezi kuniambia ni gumu.

Mwezi uliopita Mama Mdogo aliamua kununua blenda kubwa ya juisi. Safari hii hakunipa kazi. Alipata namba ya muuzaji mwenyewe, akanikuta nyumbani akaweka simu mezani, spika wazi, mikono yake ikiendelea kufunga kavera za barafu. Kijana wa upande wa pili alikuwa mchangamfu, alimwita mama, akamsifia chaguo lake, akasema ina waranti ya mwaka mzima.

"Ikiharibika inakuwaje, mwanangu?"

"Usijali mama, wanatengeneza bure kabisa."

"Nani?" akauliza Mama Mdogo, na akaacha kufunga kavera ili asikie vizuri.